Kupogoa Ndiko Baridi Yetu: Kuotesha Mizabibu Newala na Pwani ya Kusini

Mtu wa Newala anayetaka kuotesha mzabibu uani kwake akianza kutafuta mafundisho, sehemu kubwa ya atakayoyapata imetoka kwa watu wanaoishi kwenye theluji. Ataambiwa ausogeze mti kwenye ukuta unaotazama kusini ili upate joto la jua, achague aina zinazoiva haraka kabla baridi haijarudi, apogoe mwezi wa Februari mti ungali umelala, na majira ya baridi yakikaribia aulaze mti chini na kuufukia udongo. Mafundisho hayo ni sahihi kwa nchi zake. Macho ya mzabibu wa asili ya Ulaya, yaani sehemu za tawi zinazochipua, huanza kufa baridi inapofikia nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri, na ndiyo maana kaskazini mwa China wakulima hufukia mashamba mazima ya mizabibu kila mwaka, na Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kimezalisha aina kama Frontenac, iliyotolewa mwaka 1996, na Marquette, iliyotolewa mwaka 2006, kwa kutumia damu ya mizabibu pori ya nchi hiyo inayostahimili baridi kali zaidi. Lakini mtu akiyaleta mafundisho hayo Newala, Mtwara au Lindi kama yalivyo, atapata mti wenye majani tele na zabibu chache zilizooza.

Mzabibu ni mti wa kulala na kuamka. Kwenye nchi za baridi majani hupukutika, mti hulala miezi kadhaa, kisha wastani wa joto la siku ukivuka nyuzi 10, macho huamka karibu kwa pamoja, na vichala navyo huja kwa wakati mmoja. Kwetu hata Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako mwezi wa Julai watu huvaa masweta na asubuhi ukungu huonekana ukipanda kutoka bonde la Ruvuma hadi ukingoni mwa Shimo la Mungu, baridi haifikii kiwango cha kuulaza mti huu. Mzabibu usiolala haufi. Hubaki kijani mwaka mzima, huchipua jicho moja la nchani huku macho ya chini yakiwa yamefumba, na kichala kimoja huiva wakati kingine ndiyo kwanza kinatoa maua. Kwa hiyo mkulima wa huku hana budi kuulaza na kuuamsha mwenyewe, kwa mkasi na kwa maji. Nitaeleza pia habari za udongo, chanja ya kubebea mti na dawa, lakini zote zinategemea hilo moja, na atakayelikosa asitarajie mbolea imsaidie.

Miezi ya kufuata

Wakulima wakuu wa zabibu nchini ni wenzetu wa Dodoma, nao wengi wao huvuna mara mbili kwa mwaka. Nchi yao ni kame na hewa yao ni kavu. Kwetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo majani hukesha yakiwa na unyevu. Mimi nilianza kwa kuiga kuvuna mara mbili. Nilipogoa mwezi wa Novemba, mizabibu minne ikachanua vizuri mwishoni mwa Desemba, na kufikia katikati ya Januari hapakuwa na kichala hata kimoja kilichosalimika: punje zilivaa manyoya meupe mithili ya pamba, zikageuka kahawia, na nilipotikisa tawi zikamwagika chini kama kunde kavu. Nilidhani nimepewa aina mbaya, nikakaribia kuing'oa. Kumbe kosa lilikuwa la mwezi niliouchagua.

Zabibu ya huku inatakiwa ichanue, ikue na iive wakati wa kusi, mvua zikiwa zimekwisha na hewa imepoa. Kutoka siku ya kupogoa hadi kuvuna hupita siku 100 hadi 130, kutegemea aina ya mzabibu na joto la mahali, na Newala huchelewa kuliko Mtwara mjini kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai. Anayepogoa katikati ya Mei atavuna Septemba, kabla mvua haijakaribia. Huo ndio upogoaji wa matunda.

Upo upogoaji wa pili, wa Oktoba, ambao wengi huuacha kwa kuwa hauleti zabibu mwaka huo. Huo ndio unaoandaa matawi mapya yatakayobeba mwaka unaofuata. Kichala utakachokiona mwezi wa Juni hakiumbwi mwezi huo; huanza kuumbwa ndani ya jicho miezi mingi nyuma, tawi likiwa bado changa, na huhitaji jua jingi ili kiumbike. Ukipogoa Oktoba, matawi mapya hupata jua kali la Novemba na Desemba kabla mawingu mazito ya Januari hadi Machi hayajatanda. Wakulima wa jimbo la Maharashtra huko India, ambao nao wana msimu mmoja wa mvua nyingi, hufanya vivyo hivyo: hupogoa mara mbili na kuvuna mara moja, isipokuwa miezi yao ni Aprili na Oktoba kwa sababu mvua yao hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Kwetu miezi hiyo hugeuka.

Mahali pa kupanda

Ule ukuta unaotazama kusini usiutafute. Sisi tuko kati ya nyuzi 9 na 11 kusini mwa Ikweta, na katika miezi ya Juni na Julai, zabibu zinapokua, jua letu hulalia upande wa kaskazini. Upande wa kaskazini wa mzabibu ndio unaopaswa kuwa wazi, na ukuta wowote ulio karibu huzuia upepo na kutunza joto lisilohitajika. Upepo ni rafiki mkubwa wa mti huu kwa sababu hukausha majani, kwa hiyo mistari ielekezwe ili kusi ipite katikati yake badala ya kugonga ubavuni. Usipande chini ya mkorosho wala mwembe. Mzabibu unaopata jua nusu siku hutoa majani mazuri ya kivuli, lakini hautoi zabibu.

Udongo wa uwanda wa Makonde una kichanga, una kina na hupitisha maji, na mizizi ya mzabibu huupenda. Hali ni tofauti Mtwara mjini, Mikindani na sehemu za Lindi zilizo karibu na bahari, ambako unaweza kuchimba nusu mita ukagonga mwamba wa matumbawe. Hapo chimba mashimo mawili matatu ya majaribio kabla ya kuamua. Karibu na ufuko kuna pia chumvi, inayokuja na upepo au na maji ya kisima, nayo huonekana kwa kingo za majani kuungua kuelekea ndani huku katikati ya jani pakibaki kijani. Onja maji yako. Yakiwa na ladha ya chumvi mdomoni, mzabibu hautayastahimili kwa miaka, na ni afadhali ukinge maji ya mvua na kuupanda mti nyuma ya nyumba, mbali na upepo wa bahari. Usipande pia mahali ulipong'oa nyanya au bamia ukakuta mizizi ina vinundu, kwa sababu minyoo fundo hupenda udongo wa kichanga na hushambulia mzabibu vilevile.

Shimo liwe la sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu uuweke pembeni peke yake, uuchanganye na debe moja na nusu la samadi iliyooza vizuri, na urudishe mchanganyiko huo chini ya shimo. Fanya kazi hiyo Oktoba au Novemba, ili mvua za kwanza zikishindilie kifusi kabla ya mche kuingia. Kati ya mche na mche acha mita 2, na kati ya mstari na mstari mita 2 na nusu hadi 3. Kwa mtu wa nyumbani, mzabibu mmoja uliotunzwa hutosha chanja ya mita 3 kwa 4.

Pingili na miche

Mbegu za zabibu usizipande, kwa maana mti utakaoota hautafanana na mama yake. Mzabibu huoteshwa kwa pingili zinazokatwa wakati wa kupogoa. Kwa hapa nchini, kituo cha Makutupora, Dodoma, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ndicho kinachoshughulikia zao hili, na ni vyema kuanzia huko kuliko kununua pingili zisizo na asili inayojulikana. Aina ya Makutupora Nyekundu, Chenin Blanc na Syrah ndizo zinazotajwa sana huko, na zote hukamuliwa kuwa mvinyo ingawa huliwa pia. Kwa mazingira yetu mimi nachagua aina yenye kichala kilichoachana punje na ngozi nene. Chenin Blanc ina punje zilizobanana sana. Punje moja ikipasuka katikati, unyevu hukaa humo na kichala kizima huoza kabla hujakijua.

Chagua tawi la msimu uliopita lililokomaa na kuwa kahawia, lenye unene wa penseli, likate vipande vya sentimita 25 hadi 30 vyenye macho matatu au manne. Chini kata sawasawa, karibu kabisa na kifundo. Juu kata mshazari, sentimita 2 juu ya jicho. Mkato huo wa namna mbili una kazi yake, kwa sababu pingili ikikaa siku mbili kwenye gunia ni rahisi kusahau upande wa juu, na pingili iliyopandwa kichwa chini haioti vizuri. Kwa safari ya basi kutoka Dodoma hadi Newala, zifunge kwenye gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha ndani ya nailoni, na usizianike hata kidogo njiani.

Zipande kwenye viriba vyenye udongo, mchanga na samadi iliyooza, macho mawili yakiwa ndani ya udongo, kisha ziweke chini ya kivuli chepesi cha makuti. Baada ya wiki mbili au tatu utaona majani. Usifurahi mapema, wala usihamishe kitu. Majani hayo yametoka kwenye akiba iliyomo ndani ya pingili, na mara nyingi mizizi bado haijaanza. Pingili nyingi hufa wakati huo, kwa kuvutwa na mkono unaotaka kuona kama zimeshika. Mwagilia kidogo kila siku mbili, usifanye tope, na uache hadi Desemba. Pingili zilizokatwa Mei huwa miche kamili mvua zinapoanza, na hivyo mwaka wa kwanza shambani humwagiliwa na Mungu mwenyewe, jambo lenye thamani kubwa Newala ambako maji ni ya kununua au ya kukinga.

Chanja

Kwa nyumbani chanja ni bora kuliko uzio wa waya, kwa kuwa huweka majani juu, vichala hubaki vikining'inia kivulini, na hewa hupita chini. Urefu wa mita 2 unatosha, mtu afikie vichala bila ngazi. Nguzo za mkorosho zisitumike, kwani mchwa huzimaliza mapema, na chanja ikianguka imebeba mzabibu wa miaka minne hasara yake ni kubwa kuliko bei ya nguzo nzuri. Tumia zege, bomba la chuma au mti mgumu, uchimbie sentimita 60 ardhini, na upitishe waya kila sentimita 40. Matandazo ya nyasi yawekwe chini ya mti lakini yasiguse shina. Acha nafasi ya shubiri moja, la sivyo mchwa watapandia hapo.

Mwaka wa kwanza

Mche ukishika, huchipua matawi mawili au matatu. Chagua moja lililonyooka, mengine yaondoe, na uliinue kwenye kijiti kwa kulifunga na kamba laini ya mgomba kila shubiri moja na nusu. Machipukizi ya pembeni yakatwe yakiwa madogo. Tawi hilo likifika kwenye chanja, likate ncha kidogo chini ya waya, nalo litatoa matawi mapya, ambayo mawili ya juu utayalaza kwenye waya kuelekea pande mbili zinazopingana. Hayo ndiyo mikono ya mzabibu, na hayabadilishwi maisha yote ya mti. Mei ya kwanza usidai zabibu. Mti ukitoa vichala, viondoe vyote vikiwa bado na ukubwa wa kidole, ingawa najua inauma.

Upogoaji wa Oktoba

Kwenye kila mkono acha vijiti vifupi, kimoja kila shubiri, na kila kijiti kiwe na jicho moja au mawili tu. Mti utaonekana kama umekatwa kwa hasira, na jirani atakuuliza kama umeuchoka. Mwagilia mara moja baada ya kukata, debe mbili kwa mti, kwa sababu Oktoba ardhi ni kavu na mti unatakiwa kuamka kwa nguvu. Machipukizi yakifikisha majani matano au sita, bakiza moja lenye afya kwenye kila kijiti. Maua yoyote yatakayotokea yaondolewe. Tawi likiwa na majani 12 hadi 15, likate ncha ili liache kurefuka na lianze kunenepa, na machipukizi ya pembeni yapunguzwe ili jua lifikie macho ya chini. Ikifika Aprili, matawi hayo yanapaswa kuwa kahawia hadi jicho la nane au la kumi. Tawi lililobaki kijani ni changa na halitazaa.

Upogoaji wa Mei

Mvua ikikatika, acha mti bila maji wiki mbili au tatu. Udongo wa kichanga hukauka upesi, na mti huanza kuchoka. Majani ya chini hugeuka manjano. Siku saba hadi kumi kabla ya kukata, pukutisha majani yote kwa mkono, ukiyavuta kuelekea nchani ili usivunje jicho lililo kwenye kwapa la jani. Kazi hii ndiyo inayochukua nafasi ya baridi. Tawi likishakuwa tupu, utaona macho yakianza kuvimba, na magamba yake ya kahawia yakiachia ufa mdogo wenye kitu kama sufi ndani. Hapo ndipo mkasi uingie.

Bakiza macho manne hadi manane kwa kila tawi. Idadi kamili inategemea aina, kwa sababu kuna aina ambazo macho ya chini hayana matunda kabisa na kuna zinazozaa hata kwenye jicho la pili. Njia ninayoiamini ni kukata matawi ya mti mmoja kwa urefu tofauti mwaka wa kwanza wa kuvuna, manne, sita na manane, kisha kuhesabu vichala mwezi wa Juni na kuandika. Baada ya kukata, pinda kila tawi liwe upinde na ulifunge kwenye waya ncha ikitazama chini. Lisipopindwa, jicho la mwisho hujichukulia nguvu zote na mengine hulala. Katika nchi zenye joto wakulima wakubwa hupaka kemikali ya kuamsha macho yote kwa pamoja. Ni sumu kali kwa mpakaji, na kwa uani ambako watoto hucheza siishauri kamwe.

Siku moja au mbili baada ya kukata na kumwagilia, kila mkato utadondosha maji safi, tone baada ya tone, wakati mwingine hadi ardhi ilowe chini yake. Anayeona mara ya kwanza hushtuka na kutaka kuziba kwa udongo. Aache. Ni mizizi imeamka na inasukuma maji juu, na huacha yenyewe majani yakitoka. Vipande vizuri weka kwa pingili, vilivyobaki vichomwe moto siku hiyohiyo, kwa kuwa magonjwa hulala kwenye magome.

Kila chipukizi libaki na kichala kimoja. Mwaka wa kwanza wa kuvuna mti usibebeshwe zaidi ya vichala kumi. Mti uliokomaa kwenye chanja hubeba 30 bila kuumia. Zabibu zikifikia ukubwa wa kunde, ondoa majani machache yanayofunika kichala upande wa mashariki ili jua la asubuhi likaushe umande, na yaache ya upande wa magharibi yazuie jua la alasiri. Maji yawe debe mbili au tatu kwa wiki kwa mti mkubwa, yapungue zabibu zinapoanza kulainika na kubadilika rangi, kwa sababu mti uliokaa na kiu kisha ukapewa maji mengi ghafla hupasua punje.

Magonjwa mawili yasichanganywe

Hapa mtu wa kusini ana faida kuliko mgeni, kwa kuwa ubwiriunga anaujua tangu utotoni. Mzabibu una ubwiriunga wake, unaosababishwa na kuvu tofauti na ile ya mkorosho, lakini sura ni ileile: unga wa kijivu juu ya jani na juu ya punje, unaofutika kwa kidole, na punje changa zilizoshikwa hupasuka. Hupenda kipupwe, na huja Juni na Julai, wakati uleule wa kupuliza mikorosho. Dawa yake ni salfa ileile uliyo nayo ghalani. Kwa miti michache, tia salfa ya unga kwenye soksi nyembamba na uitikise juu ya majani asubuhi palipo na umande kidogo na hakuna upepo, safu iwe nyepesi kiasi kwamba huioni vizuri ila ukiinusa unaijua. Usiitumie joto likizidi nyuzi 30, maana huunguza majani. Newala asubuhi za Julai hazina shida hiyo, lakini Mtwara mjini maliza kazi kabla ya saa mbili asubuhi. Wiki nne kabla ya kuvuna acha kabisa.

Ubwirivinyoya ni ugonjwa mwingine, na salfa haiugusi. Huo ndio uliomaliza vichala vyangu vya Januari. Juu ya jani huanza doa la manjano kama tone la mafuta kwenye karatasi. Geuza jani asubuhi utaona manyoya meupe chini ya doa hilo. Huja na mvua, kwa hiyo matawi ya Oktoba ndiyo yanayohitaji ulinzi, pamoja na chule, ambayo hutoboa majani na kuacha vidonda vyenye ukingo mweusi kwenye matawi machanga. Kinga ni mrututu na chokaa, mchanganyiko uliopewa jina la Bordeaux, huko Ufaransa, ambako katika miaka ya 1880 mwanasayansi Millardet alitambua kwamba mizabibu ya kando ya barabara, iliyopakwa mchanganyiko huo ili wapita njia wasiibe zabibu, ndiyo iliyobaki na majani yake.

Chukua gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa kwa lita 10 za maji. Yeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki yenye lita 5, kamwe si ya bati, na chokaa kwenye ndoo nyingine yenye lita 5. Mimina mrututu taratibu kwenye chokaa huku ukikoroga, upate rangi ya buluu ya anga. Kisha tumbukiza msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, mchanganyiko utaunguza majani, ongeza chokaa na ujaribu tena. Ukitoka kama ulivyoingia, chuja kwa kitambaa na unyunyize siku hiyohiyo, hasa chini ya majani. Rudia kila wiki mbili mvua ikiwa nyingi, vaa glavu, na usinyunyize maua.

Kuvuna

Zabibu haiivi baada ya kukatwa, tofauti na embe na papai. Rangi huwahi na sukari huchelewa, na zabibu nyeusi tii inaweza kuwa chachu kwa wiki tatu zaidi. Onja punje ya mwisho kabisa kwenye ncha ya kichala, kwa kuwa ndiyo huiva mwisho, na utazame mbegu: ikiwa kahawia na inaachana na nyama, kata. Kabla ya hapo funika vichala kwa bahasha za kaki zilizotobolewa chini, la sivyo ndege watakula mchana na popo usiku, na nyigu watamaliza zilizobaki.

Baada ya mavuno usiuache mti. Majani yaliyobaki bado yanarudisha chakula kwenye shina na mizizi, kwa hiyo mwagilia kwa wiki tatu au nne zaidi na uweke debe moja la samadi kwa kila mti, ukiitandaza mbali na shina na kuifukia kidogo. Halafu, katikati ya Oktoba, korosho zikiwa zimeanza kuanguka na kila mtu yuko shambani akiokota, tenga asubuhi moja, noa mkasi, uupake spiriti, na ukate tena hadi jicho moja au mawili.